Kiatu cha Dohani ya Mundu

Jumatatu, 5 Septemba 1983

Matofaa ya kwanza yameanza kudondoka na nyigu wamelewa tangu asubuhi. Mume wangu Ivor ameshatoa fito zake ndefu za kupukutishia, anazisugua kama mtu anayekwenda vitani.

Mimi nimerudi Mundu, baa ya kijiji chetu, kupika na kufagia, kama miaka yote, ila leo nimekuta vumbi mpaka kwenye vitunguu vya siki. Bwana Tonks, meneja mpya tuliyeletewa na kampuni ya bia kutoka Birmingham, anataka meko kubwa ya sebuleni ijengwe upya kabla ya baridi. Mwashi ni Garnet Bounds. Amepita sabini, mkono wake mzuri, mdomo wake hauna breki. Mgeni yeyote akimnunulia glasi moja atapewa historia ya Orlham yetu ambayo sisi wanakijiji wenyewe hatujawahi kuisikia.

Wakati wa kufunga mchana hatua za Mdogo zilisikika juu, ta, ta, ta, kutoka dirishani hadi kwenye ngazi, kisha kimya. Nikasema kama kawaida, "Tulia mwanangu, nakwenda nyumbani." Bwana Tonks akaniuliza nasema na nani. Nikamjibu nasema na Mdogo. Akacheka kwa adabu.

Niandike wazi, maana Mungu anaujua moyo wangu. Mimi ni mtu wa kanisa. Siwatafuti wafu wala siwaiti. Lakini kila aliyefanya kazi katika baa hii amezisikia hatua hizo, mama yangu naye kabla yangu, na hakuna aliyedhurika. Mtoto anatembea juu. Unamuaga, unafunga mlango, basi.

Alhamisi, 8 Septemba

Garnet aliniita kutoka ndani ya dohani, sauti ikatoka kama ya nabii aliyetupwa shimoni. Nilikwenda na unga mikononi. Ubavuni mwa dohani, juu kidogo ya kichwa chake, tofali lilikuwa limefunika kitundu, na ndani ya kitundu mlikuwa na kiatu cha mtoto. Kimoja. Ngozi imekauka ikawa ngumu kama gamba la mti, kisigino kimeliwa upande wa nje, na kwenye kidole gumba pametoboka. Mwenyewe alikuwa anakokota mguu, mtundu wa watu.

Huku kwetu si jambo la kushangaza. Wazee walipojenga dohani waliweka ndani kiatu kilichokwisha kuvaliwa, ili kibaya kinachoshuka na upepo kikikuta harufu ya mtu kidhani kimempata, kikwame hapo hapo. Kiatu cha namna hiyo hakitolewi. Kikitoka kwa bahati mbaya kinarudishwa siku hiyo hiyo. Garnet alivua kofia. Akaniambia baba yake alimfundisha kwamba tundu lililokuwa na kitu halizibwi tupu: ama kitu kirudi, ama tundu libaki wazi. Chokaa ilikuwa imeshakorogwa.

Ndipo Bwana Tonks akaingia. Akakipeleka kiatu kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akauliza ni cha nani. Lo, Garnet. Glasi ilikuwa imeshafika mkononi mwake, sijui aliijaza saa ngapi. Bila kupepesa macho akaanza: kwamba Joseph Gwilliam, aliyekuwa mwenye baa hii zamani za babu zetu, alimuua mtoto wa mtumishi wake kwa sababu ya kulialia, akamficha ukutani, kikabaki kiatu. Nikamkanyaga mguu. Akausogeza mguu, akaendelea. Akaongeza na shoka.

Baadaye nilimuuliza amelitoa wapi shoka.

"Ni mgeni, Olwen," akaniambia. "Mgeni asipodanganywa atadhani hatumpendi. Kiatu kitarudi kesho."

Ijumaa, 9 Septemba

Hakikurudi. Mvua.

Jumatano, 14 Septemba

Kiatu kimepelekwa Birmingham kuonyeshwa wakubwa wa kampuni. Garnet amemaliza meko, imependeza, ila kitundu amekiacha. Ameegemeza tofali bila chokaa, ukiligusa linacheza. Bwana Tonks hajui, maana kuona inabidi uingize kichwa, na shati lake ni jeupe.

Jumanne, 20 Septemba

Juu kimya. Tangu kiatu kiondoke sijasikia hata hatua moja. Leo niliaga hivyo hivyo, nikajiona kama mtu anayegonga nyumba iliyohamwa.

Jumamosi, 24 Septemba

Tumekamua matofaa ya mwanzo. Mgongo wauma.

Alhamisi, 6 Oktoba

Kimerudi, lakini si mahali pake. Kiko juu ya meko ndani ya sanduku la kioo, na taa ndogo ya kijani inakimulika kwa chini. Kando yake wametundika ubao mrefu, wenye maandishi mekundu yaliyochorwa kama yanachuruzika. Unasema hapa ndipo JOSEPH GWILLIAM alipomuua mtoto asiye na jina, na tarehe thelathini na moja, mkesha wa Watakatifu, njooni mmsikie akilia. Wageni watakuja kwa mabasi. Kazi yangu imeongezwa kufuta vumbi la kioo, nimepewa na ufunguo wake.

Nilisoma jina lile nikatazama dirishani. Ng'ambo ya barabara, pazia la Bi Leah Gwilliam lilikuwa wazi. Ana miaka themanini na sita, hakuolewa, ametufundisha nusu ya kijiji kusoma katika shule ya Jumapili. Joseph huyo ni baba wa babu yake. Kila Jumamosi huja kunywa glasi yake ndogo ya pombe ya matofaa pale kwenye kona.

Keshokutwa ni Jumamosi.

Ijumaa, 7 Oktoba

Sikungoja aje aone mwenyewe. Nilimpelekea pai ya nyama na habari yote. Alinisikiliza amekunja mikono, kisha akaniuliza kiatu kimeliwa upande gani wa kisigino. Nikamwambia upande wa nje. Akatabasamu, nami sikuelewa kwa nini mtu atabasamu.

"Olwen, huyo maiti wao ni babu yangu."

Akanieleza taratibu. Joseph alijenga dohani upya mwanae Amos akiwa mdogo, akaweka kiatu cha Amos. Amos alikua, akaoa, akazaa, akaendesha Mundu maisha yake yote, na akafa mzee wa miaka tisini na moja, Bi Leah mwenyewe akiwa amemshika mkono. Mpaka uzeeni alitembea akikokota mguu, na kila mara alikuwa akinunua viatu vipya kwa sababu ya kisigino kile kile. Akikaa mekoni humwambia mtu yeyote kwamba mguu wake mmoja uko mle ndani.

Nikamuuliza, je, hatua za juu? Akasema babu alizisikia pia. Akizisikia huinua glasi na kusema, "Yule ni mimi. Mimi nilikua nikashuka, yeye alikataa."

Nilicheka hadi nikalia. Yeye hakucheka tena. Alikuwa anatazama baa kupitia dirishani, mahali alipozaliwa.

"Mimi ndiye Gwilliam wa mwisho," akasema. "Nikienda, hakuna wa kubisha. Utabaki ubao huo kutusemea."

Jumatatu, 10 Oktoba

Nilimfuata Garnet shambani, anakomsaidia Ivor kupukutisha. Matofaa yalikuwa yananyesha juu ya vichwa vyetu. Nikamwambia aende kwa Bwana Tonks leo, akaseme alitunga. Akaangalia fito yake. Akasema kila mtu anajua ni hadithi tu. Nikamwambia Birmingham hawajui. Akasema, "Nikisema mimi ni mwongo, nitakaa wapi jioni, Olwen? Kanisani kwenu?"

Nilimwita jina ambalo siliandiki hapa. Ivor aliacha kupukutisha, akanitazama kama ng'ombe ameongea.

Jumamosi, 15 Oktoba

Bi Leah hakuja kunywa. Kona yake walikaa wapenda mizuka wawili wenye kamera.

Jumatano, 19 Oktoba

Baridi imeingia, tumewasha moto wa kwanza kwenye meko mpya. Moshi ukajaa sebuleni tukatokea milango yote. Bwana Tonks anasema dohani bado inajizoesha. Mimi nalijua tofali linalocheza, na sikusema kitu. Mungu anisamehe, ila hakuniuliza.

Nilipokuwa nafungua madirisha nilimweleza habari za Bi Leah. Alisikiliza, siwezi kusema hakusikiliza. Akasema, "Bi Olwen, hii ni burudani tu. Hawa watu wote walishakufa." Nikamwambia mmoja yuko ng'ambo ya barabara, akisogeza pazia atamwona. Akasema matangazo yameshachapishwa, na wakubwa wameshaagiza mabasi, na yeye ana miezi miwili tu katika kazi. Uso wake ulikuwa na masizi puani, nikakumbuka ni kijana tu. Nilitaka kumchukia jioni nzima, ikanishinda kama nusu.

Jumapili, 23 Oktoba

Baada ya ibada nilimwomba Mchungaji Pask aseme neno. Mchungaji nimemheshimu tangu aje. Akanishika bega akasema mambo ya mizuka si ya kanisa letu, na pengine hii ni ishara kwamba niache kazi ya baa kabisa.

Nikamwambia sizungumzii mizuka. Nazungumzia amri ile ya kutomsingizia jirani, ambayo haisemi jirani awe hai. Akatazama saa yake. Nilirudi nyumbani kwa miguu, mvua inanipiga usoni, nikaimba wimbo wote wa mwisho peke yangu, kwa nguvu, na beti walizoziruka.

Alhamisi, 27 Oktoba

Bado moshi. Mwashi ameitwa kutoka Ledbury. Aliingiza kichwa mekoni, akaona tundu, akauliza kilichokuwamo kiko wapi. Bwana Tonks akaonyesha sanduku la kioo. Yule mtu akafunga mkoba wake, akaenda zake. Hata chai yangu hakumaliza.

Jumatatu, 31 Oktoba



Saa kumi na moja jioni Bi Leah alikuwa mlangoni kwangu, na kofia yake ya kanisani, ile ya bluu. Alisema anakwenda Mundu na angependa mkono wa kushikilia. Nikavua aproni. Tuliingia kabla ya mabasi, akaketi chini ya ubao kabisa, jina la familia yake likimchuruzikia juu ya kofia. Bwana Tonks alituona. Akaendelea kupanga viti.

Watu wakaja wakajaa. Taa zikapunguzwa. Moshi ulikuwa mwingi, wote wanakohoa na kufurahi, wakidhani umewekwa makusudi. Garnet alikuwa kwenye kaunta amejikunyata, glasi yake haijaguswa, jambo ambalo sijawahi kuliona. Bwana Tonks akashika mshumaa, akasimulia: mtumishi, kilio, shoka. Anasimulia vibaya, maskini, kama anayesoma bei za nyama. Akafika mahali pa kusema kwamba mtoto yule hakuonekana tena.

"Nilimwona mimi," akasema Bi Leah.

Akasimama kwa fimbo yake, na sauti ilikuwa ile ya shule ya Jumapili, haipandi, inafika.

"Jina lake Amos Gwilliam. Alikuwa babu yangu. Alikufa kitandani, akiwa na miaka tisini na moja, baada ya kula vitunguu vya siki alivyokatazwa na daktari. Hakuna aliyemuua mtu katika nyumba hii."

Wakacheka. Kisha wakapiga makofi. Nilisikia kwa masikio yangu mwanamume akimwambia mkewe kwamba bibi huyu ndiye mwigizaji bora wa onyesho zima.

Hapo Garnet akainuka. Akasema, "Anasema kweli. Ile hadithi niliitunga mimi, nimesimama hapo mekoni, kwa glasi moja ya bia. Mimi ni mwongo, muulizeni yeyote." Makofi yakazidi, na miguu wakapiga sakafuni. Mama mmoja akamwomba arudie ili ampige picha.

Garnet alisimama pale ameduwaa. Amesema uongo maisha yake yote akaaminiwa. Leo amesema kweli wakamshangilia kama kikaragosi. Nilimtazama Bwana Tonks. Mshumaa ulikuwa unamdondokea mkononi na hakuuondoa.

Bi Leah hakulia. Alinigusa kiwiko.

"Nirudishe nyumbani, Olwen. Wananipigia makofi."

Jumanne, 1 Novemba. Siku ya Watakatifu Wote

Nilisali kwanza, nisije nikafanya kwa hasira. Nikangoja hasira ipoe. Haikupoa, nikaona basi labda si hasira.

Nikaenda kazini kwa wakati wangu. Nikafungua sanduku la kioo kwa ufunguo wa kufutia vumbi, nikafuta vumbi, nikachukua kiatu. Nikauacha ufunguo juu ya kaunta, na aproni yangu imekunjwa vizuri kando yake. Nikatoka mlango wa mbele, mchana kweupe, kiatu mkononi, na nilipokutana na Mchungaji Pask njiani nikamsalimu.

Kiko ndani ya chungu changu cha kuhifadhia mkate. Ivor aliuliza tutakula mkate gani. Nikamwambia viazi.

Alhamisi, 3 Novemba

Bwana Tonks alikuja. Akasema kampuni inazungumzia polisi. Nikamwambia waje, kuna pai. Nikamwambia pia kwamba kiatu si changu wala si chake, mwenyewe yupo, akamwombe. Akavuka barabara akaenda kweli. Nilichungulia. Bi Leah hakumkaribisha ndani, alimjibu mlangoni, na baadaye akanieleza alichomwambia: kwamba babu yake aliiazima dohani kiatu hicho, hakumwazima meneja.

Ijumaa, 4 Novemba

Garnet alikaa juu ya ukuta wetu kwenye mvua mpaka nikamwingiza ndani kwa nguvu. Hajaenda Mundu tangu siku ile. Nilimpa supu. Nilimwomba radhi kwa lile jina nililomwita. Akasema lilikuwa sawasawa, ila nililitamka vibaya.

Jumatano, 9 Novemba

Ukungu. Mapipa ya pombe ya matofaa huko nyuma ya nyumba yameanza kuchemka. Sina kazi, nimefua mapazia yasiyo machafu.

Jumatano, 16 Novemba

Nilikuwa nakuna karoti Bwana Tonks alipobisha, safari hii amevua kofia na shati lake si jeupe tena. Akaketi jikoni kwangu, akasema wateja wote wamehama kwa sababu ya moshi, mabasi ya wiki hii yamegeuza, na hakuna mwashi katika wilaya nzima anayekubali kuigusa dohani. Nikaendelea na karoti.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Alipohamia kule juu, majuma yale ya mwanzo, alikuwa akisikia hatua. Alidhani ni panya, baadaye akajua si panya, na alikuwa peke yake na hamjui mtu hapa, akazizoea. "Tangu kiatu kitoke zimekoma," akasema. "Nalala vibaya, Bi Olwen. Pametulia mno."

Nikaacha karoti. Nikamtuma Ivor kwa Garnet.

Tulikutana Mundu, Garnet amekuja na ndoo yake ya chokaa. Akamwambia Bwana Tonks kwamba atafunga tundu leo, kwa masharti mawili: kilichokuwamo kinarudi, na ubao unashuka kabla hajashika mwiko. Nilifikiri kijana ataomba muda awaulize wakubwa. Alivuta kiti, akapanda, akaung'oa ubao kwa mikono yake, misumari ikalia, na ubao ukaanguka kifudifudi. Akasema wakubwa atawaambia moshi uliharibu rangi.

"Huo nao ni uongo," nikamwambia.

"Uongo mdogo," akasema Garnet. "Atajifunza."

Tulimpeleka Bi Leah kwenye kiti cha kona. Kiatu nilikuwa nimekitoa chunguni, nikampa yeye. Alikishika kama mtu anavyoshika mguu wa mtoto akiufunga kamba, akapitisha kidole kwenye tundu la kidole gumba.

"Haya babu," akasema. "Panda."

Garnet akaingia mekoni na kiatu. Akanyoosha mkono nyuma kuomba tofali, nami nilikuwa nimeinama kuliokota, lakini Bwana Tonks alikuwa ameshalichukua, akampa. Ilisikika mwiko tu, ukikwangua.

Moto ulipowashwa, moshi ulipanda wote, ukanyooka kama umeitwa.

Jumapili, 20 Novemba

Mahubiri leo yalikuwa juu ya kuwaheshimu waliotutangulia. Mchungaji Pask hakunitazama hata mara moja, kwa hiyo najua yalikuwa yangu. Nilimshukuru mlangoni, kwa moyo.

Nimerudi kazini tangu Alhamisi. Jana Bi Leah alikunywa glasi yake kwenye kona. Mgeni mmoja alimuuliza Garnet kama ni kweli baa hii ina mzuka wa mtoto aliyeuawa. Baa nzima iligeuka kumsikiliza. Garnet akaitazama glasi aliyonunuliwa, akairudisha mezani, akasema hakuna mtoto aliyeuawa hapa, yuko mzee mmoja tu ambaye mguu wake haukupenda kuzeeka. Mgeni akaona hadithi mbovu, akaondoka na glasi yake.

Wakati wa kufunga, juu, ta, ta, ta, kutoka dirishani hadi kwenye ngazi. Nilifungua mdomo, lakini Bwana Tonks alikuwa amesimama na ufagio, akanitangulia.

"Tulia, mzee," akasema. "Tunafunga."

Kampuni imepiga simu kuuliza ubao uko wapi, wanataka kuutundika katika baa yao nyingine, watabadilisha jina tu. Bwana Tonks akaniambia nijibu nionavyo. Nikawajibu kwamba ubao ni mzuri, mbao ngumu, umeziba sawasawa lile pengo la banda langu la kuku ambalo Ivor ameahidi kuliziba tangu Pasaka. Maandishi yameelekea ndani. Kuku wangu ndio wanaolala na mauaji ya Joseph Gwilliam sasa, na hawajapunguza hata yai moja.